Upepo Unaolisha Dagaa



Nimeombwa nizungumzie nani anamla nani katika Ziwa Tanganyika. Nitafanya hivyo, ila naomba niingilie mlango wa uani, kwa sababu wa mbele tumeuzoea mno: mkubwa humla mdogo, basi. Ni kweli, lakini haitufikishi mbali. Swali lenye uzito ni jingine. Yule mdogo kuliko wote anakula nini, na chakula chake kinamfikiaje?

Maji ya ziwa letu ni maangavu kupita kiasi. Shusha kisahani cheupe kwa kamba ukiwa mbali na ufuko, siku ya shwari, na mara nyingi utaendelea kukiona hadi mita kumi na zaidi. Mtalii hufurahi. Anayepiga hesabu ya chakula cha samaki hushtuka, maana maji hayawi maangavu namna hiyo isipokuwa yana mwani mchache, na mwani, huo mdogo usioonekana kwa macho, ndio mwanzo wa chakula chote cha katikati ya ziwa. Kwa hesabu ya haraka, basi, Tanganyika lingekuwa ziwa la samaki wa kubahatisha. Lakini katika miaka ya 1990 watafiti wa nchi zote nne zinazolizunguka walipokusanya takwimu kwa pamoja, walikadiria kwamba linatoa kati ya tani 165,000 na 200,000 za samaki kwa mwaka, wengi wao dagaa na migebuka. Chakula cha samaki wote hao kinatoka wapi?

Kinatoka chini, na kinaletwa na upepo. Hilo ndilo jambo langu la leo. Mengine yote nitakayosema ni kulieleza hilo na kuonyesha linavyogusa mifuko yetu.

Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na mahali penye kina kikubwa kuliko pote panafika mita 1,470. Duniani ni ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolishinda kwa kina. Tunapenda kujivunia tarakimu hizo, lakini samaki hawazijui. Samaki wanajua mita mia moja za juu kwa upande huu wetu wa kaskazini, hapa Kigoma, na karibu mara mbili ya hapo kule kusini kuelekea Mpulungu, Zambia. Chini ya hapo oksijeni imekwisha. Kuna maji yenye haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza, na hakuna samaki, konokono wala kamba anayeweza kuishi humo. Sehemu kubwa ya ziwa tunaloliita hazina ya samaki, kwa ujazo wake, haina samaki hata mmoja.

Ila si tupu. Kila kinachokufa juu huzama: mwani uliozeeka, maganda ya wadudu wa majini, mavi ya dagaa, mizoga. Bakteria hukiozesha njiani na huko chini, na katika kuozesha huko hutumia oksijeni yote iliyokuwapo. Kinachobaki ni virutubisho, yaani fosforasi, nitrojeni na silika, ambavyo vimekuwa vikijikusanya gizani kwa muda mrefu sana. Kwa hiyo juu kuna jua lakini hakuna mbolea. Chini kuna mbolea lakini hakuna jua. Mwani unahitaji vyote viwili mahali pamoja.

Kwa nini maji hayachanganyiki yenyewe? Kwa sababu ya joto. Maji ya juu huwa na nyuzi 25 hadi 28 kutegemea msimu. Ya chini kabisa yana nyuzi 23 na ushei. Tofauti ya nyuzi tatu au nne inaonekana ndogo, na katika ziwa la Ulaya lenye maji baridi ingekuwa ndogo kweli. Lakini uzito wa maji hupungua haraka zaidi kwa kila nyuzi kadiri yanavyozidi kuwa moto, hivyo katika nchi zetu tofauti hiyo ndogo inatosha kuyafanya maji ya juu yaelee juu ya yale ya chini mwaka mzima. Kuyachanganya kunahitaji nguvu, na nguvu hiyo ni upepo.

Kuanzia Mei hadi Septemba hivi upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya ziwa siku baada ya siku, ukilifuata kwa urefu wake. Mnajua chai ya maziwa iliyokaa kidogo ikashika utando? Ukiupuliza, utando unajikunja ukingo wa mbali, na karibu na midomo yako chai ya chini inajitokeza. Upepo unalifanyia ziwa vivyo hivyo. Maji ya moto ya juu yanasukumwa kuja kaskazini, kwetu. Kule kusini yale ya baridi yanapanda, na yanapanda na mbolea yake. Ndiyo maana miezi hiyo maji ya Mpulungu hupoa na mwani hustawi. Upepo ukitulia, mnamo Septemba au Oktoba, maji yaliyorundikwa upande huu yanarudi, yanapitiliza, yanarudi tena. Mpaka kati ya maji ya moto na ya baridi unaanza kupanda na kushuka kama wimbi, ila ni wimbi la ndani, ambalo safari moja ya kwenda na kurudi huchukua karibu mwezi mzima. Uso wa ziwa unaweza kuwa shwari kabisa huku chini mpaka huo ukipanda makumi ya mita. Hapo upande wa kaskazini nao hupata mgao wake.

Wazee wa mwaloni mtaniambia kwamba mlijua zamani: baada ya upepo dagaa huja. Nakubali. Nilichowaongezea ni njia ambayo chakula hupitia.

Sasa twende kwa walaji. Mwani ulioota unaliwa kwanza na wadudu wadogo wa majini, na wengi wao katika ziwa letu ni kopepodi. Ana ukubwa wa milimita moja hivi, mwili unaopenyesha mwanga, na vipapasio viwili virefu anavyovitandaza pembeni ili asizame haraka. Anaishi kwa hofu, na ana haki ya kuogopa. Mchana, maji yakiwa maangavu namna hii, kila samaki anamwona. Kwa hiyo jua likichomoza hushuka hadi kwenye giza, karibu kabisa na mpaka ambapo oksijeni inakaribia kwisha, na hapo hushinda. Jua likizama hupanda juu kula mwani. Kila siku, safari ya makumi ya mita kwenda na kurudi, kwa mnyama wa milimita moja.

Dagaa humfuata. Hapa lazima tuseme dagaa yupi, maana ziwani kwetu wapo wawili wa ukoo mmoja. Yupo dagaa mwenyewe, ambaye wanasayansi humwita Stolothrissa tanganicae, mwembamba, anayekaa maji ya wazi. Na yupo lumbu, Limnothrissa miodon, mnene kidogo, anayependa kukulia karibu na ufuko na ambaye akikua hula hata vitoto vya yule wa kwanza. Wote wawili ni jamaa wa dagaa wa baharini. Mababu zao walitoka bahari ya Atlantiki wakapanda mito ya magharibi na kati ya Afrika, mamilioni ya miaka iliyopita, hata kizazi chao kikafika hapa. Viumbe wengine wa ziwa wanaofanana na wa baharini, hasa konokono, pamoja na kijiyavuyavu cha maji baridi ambacho Mjerumani Böhm alikiona ziwani mwaka 1883, walimfanya Mwingereza J. E. S. Moore aamini kwamba Tanganyika lilikuwa kipande cha bahari kilichokatika. Alikosea, lakini kosa lake liliwaleta wataalamu wengi kupima ziwa, na sijui kama wangekuja kwa sababu nyingine.

Mpasue tumbo dagaa aliyevuliwa usiku, uweke kilichomo chini ya hadubini, nawe utaona miguu na vipapasio vya kopepodi, na pengine jicho jeusi la kamba mdogo. Alichokuwa akifanya usiku ule kimeandikwa humo. Nyuma ya dagaa huja mgebuka, yule ambaye jirani zetu wa Bujumbura humwita mukeke. Huyu hula dagaa, na dagaa wakiadimika hula kamba wadogo wa maji ya wazi. Mchana kundi lote liko chini, limetawanyika katika mwanga hafifu. Usiku linapanda, na kila mmoja anapanda kwa sababu ya yule anayemfuata.

Uvuvi wetu wote umejengwa juu ya safari hiyo. Zamani mvuvi alibeba mwenge wa matete na wavu wa lusenga. Kisha zikaja karabai. Sasa ni taa za sola na vipe, vyombo vyenye nyavu za kuinua. Chombo kimebadilika, mbinu haikubadilika: unaweka mwanga mahali pamoja, wadudu wanakusanyika, dagaa wanakuja kuwala, na mgebuka anazunguka pembezoni, pale mwanga unapoanza kufifia. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima lina mwanga, taa inakosa mvuto, na ninyi wavuvi mnakaa nchi kavu kushona nyavu. Sidhani kama kuna darasa la ekolojia lililo wazi kuliko hilo. Tofauti ni kwamba mwanafunzi wa chuo hulipa ada, ninyi mnalipa mafuta.

Naomba sasa tuhesabu kidogo. Mwaka 1942 Mmarekani Raymond Lindeman, aliyekuwa amekitafiti kiziwa kidogo chenye matope katika jimbo la Minnesota, alichapishiwa makala iliyobadilisha fani yetu. Hakuiona ikichapishwa, alifariki mwaka huohuo akiwa na miaka 26, na wakaguzi wa jarida walikuwa wameikataa kwanza kwa kuwa ilikuwa na nadharia nyingi mno kwa ladha yao. Alichosema ni kwamba tusitazame samaki na mimea kama orodha ya viumbe, tutazame nguvu inavyopita kutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula, na ni kiasi gani kinapotea kila hatua. Kinachopotea ni kingi. Kwa makadirio ya jumla, sehemu moja tu ya kumi hivi ya alichokula mnyama huwa mwili wake. Nyingine huishia katika kupumua, kuogelea na kutoa uchafu.

Chukua kilo moja ya migebuka mwaloni Kibirizi. Ili iwepo, zililiwa kama kilo kumi za dagaa. Ili kilo kumi hizo ziwepo, kopepodi kilo mia moja. Na nyuma ya kopepodi hao, mwani wa kilo elfu moja. Tarakimu hizi ni za kukadiria, lakini mwelekeo wake haubishaniwi. Mtu anayekula kilo ya dagaa ametumia sehemu ndogo sana ya ziwa kuliko anayekula kilo ya mgebuka, na anayekula sangala, samaki mkubwa aliyekuwa akila migebuka, ametumia zaidi ya wote. Ndiyo maana hakuna ziwa duniani litakalotoa sangala wengi kama dagaa, hata tukitunga sheria namna gani.

Lakini bado ile ajabu ya mwanzo ipo. Mwaka 1981 Robert Hecky na wenzake walionyesha kwamba, ukilinganisha mwani na samaki, Tanganyika linafanana zaidi na bahari kuliko na maziwa mengine: mwani kidogo, samaki wengi. Vipimo vya miaka ya 1990 viliipunguza ajabu hiyo kwa kiasi fulani, na sehemu kubwa ya maelezo iko katika kasi. Kopepodi huzaa na kufa kwa wiki. Dagaa huishi mwaka mmoja hivi, na huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi tu. Ukiwapima dagaa waliomo ziwani usiku mmoja utapata kiasi kidogo. Ukiwapima waliozaliwa, wakakua na kuliwa katika mwaka, utapata kiasi kikubwa mara kadhaa. Mwani nao ndivyo ulivyo: unaonekana mchache kwa sababu unaliwa karibu kwa kasi ileile unayoota. Maji ni maangavu si kwa sababu hakuna kinachoota humo, bali kwa sababu hakibaki.

Nisiwape picha ya mstari mnyoofu, kwani ufukweni mambo ni mengine kabisa. Huko wapo zaidi ya spishi mia mbili za samaki wa jamii ya sato, karibu wote hawapatikani popote pengine: wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaochambua mchanga, wanaokula konokono, na kuhe, mkubwa kuliko samaki wote wa jamii hiyo duniani. Nitamtaja mmoja tu, Perissodus microlepis, ambaye chakula chake ni magamba ya samaki wengine. Humvizia mwenzake kutoka nyuma, akambandua magamba ubavuni na kukimbia. Mdomo wake umepinda, baadhi yao kuelekea kulia, wengine kushoto. Mwenye mdomo wa kulia hushambulia ubavu wa kushoto, na mwenye wa kushoto hushambulia wa kulia. Mjapani Michio Hori alichapisha mwaka 1993 matokeo ya miaka mingi ya kuwahesabu: aina moja ikizidi, samaki wanaoshambuliwa hujihadhari upande huo, basi ile nyingine hupata chakula zaidi na kuongezeka, na hesabu hurudi karibu na nusu kwa nusu. Halihusiani sana na bei ya dagaa. Nimelitaja kwa sababu ni zuri, na kwa sababu linaonyesha kwamba anayeliwa naye huamua umbo la anayemla.

Turudi maji ya wazi. Ziwani mwetu wapo samaki wanne wa ukoo wa sangara, mgebuka akiwa mdogo wao, na wale watatu wakubwa tunaowaita sangala. Meli za nyavu za kuzungushia zilianza Burundi katika miaka ya 1950, na Mpulungu mwaka 1962. Wakubwa hao walipungua upesi, katika muda wa miaka michache, kwa sababu samaki anayechelewa kuzaa hawezi kufidia kasi hiyo. Mtu angetarajia dagaa waongezeke baada ya walaji kuondoka. Kule Zambia kilichotokea ni kwamba kuanzia katikati ya miaka ya 1980 mgebuka ndiye aliyetawala nyavu za meli, dagaa wakashuka. Wapo wanaosema ni kwa sababu sangala waliokuwa wakimla mgebuka hawapo tena. Wapo wanaosema maji ya kusini yalikuwa maangavu zaidi miaka hiyo, na mgebuka huwinda kwa macho. Mimi sioni ulazima wa kuchagua. Mlaji akipungua juu na chakula kikipungua chini kwa wakati mmoja, aliye katikati anapata habari mbili zinazopingana, na nyavu zitatuonyesha jumla tu.

Kama mnataka jaribio lililo safi zaidi, liko Kivu. Ziwa hilo ni changa kwa samaki. Maji yake ya wazi hayakuwa na samaki wa kula kopepodi na jamaa zao, hivyo chakula kilikuwa kinapotea bure, au ndivyo walivyoona Wabelgiji. Kati ya mwaka 1958 na 1960 walichukua vitoto vya dagaa wa Tanganyika wakavimwaga Kivu. Yule mwembamba hakushika. Lumbu alishika, na leo sambaza wanaovuliwa Goma, Bukavu na Gisenyi ni wajukuu wa samaki wa huku kwetu. Alipowasili alikuta mdudu mmoja mkubwa wa majini aina ya Daphnia, mwepesi kuonekana, akammaliza kabisa. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja mashuhuri alionya kwamba kwa kumla mlaji mkuu wa mwani, sambaza wamekata tawi walilokalia na uvuvi utaporomoka. Haukuporomoka. Kopepodi, walio wepesi kukimbia, walibaki, na sambaza wakaendelea kuliwa hadi leo. Watu wa Kariba nao wakapelekewa lumbu mwaka 1967 na 1968, wakawa na kapenta. Somo ninalolichukua hapo ni kwamba mtandao wa chakula unaweza kupoteza kiungo na bado ukasimama, ila hatuwezi kujua mapema ni kiungo gani.

Victoria lilitufundisha upande wa pili wa habari hiyo. Sangara alipelekwa huko katika miaka ya 1950, akakaa kimya kama miaka ishirini na zaidi, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 akalipuka. Furu, waliokuwa spishi mia kadhaa, walitoweka kwa makumi, wengi kabla hawajapewa majina. Hapo sangara akageukia kamba wadogo, dagaa wa Mwanza na hata watoto wake mwenyewe. Wakati huohuo mbolea kutoka mashambani na mijini ililigeuza ziwa kuwa la kijani, na vilindi vyake vikaanza kukosa oksijeni. Yaani Victoria limeshiba mbolea kupita kiasi. Tatizo letu sisi ni kinyume.

Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa na Catherine O'Reilly na jingine na Piet Verburg, yalichapisha matokeo yanayofanana. Ziwa lilikuwa limepata joto katika karne ya ishirini, maji ya juu zaidi kuliko ya chini. Kwa hiyo tofauti ya uzito imeongezeka, upepo unapata shida zaidi kuyachanganya, na mbolea inabaki gizani. O'Reilly na wenzake walikadiria kwamba uotaji wa mwani umepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Wapo waliobisha, wakisema kwamba nyavu ndizo zenye makosa. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakaja na ushahidi wa mashapo. Walichimbua tope la chini ya ziwa, ambamo kila tabaka ni ukurasa wa miaka, wakahesabu mabaki ya samaki na ya mwani wenye ganda la silika. Samaki walianza kupungua tangu karne ya 19, sambamba na joto, kabla meli yoyote ya uvuvi wa kibiashara haijateremshwa majini. Tena sakafu ya ziwa yenye oksijeni, ambako konokono na kaa huishi, imepungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946 katika maeneo waliyoyachunguza.

Nasema wazi ninavyoona. Mvuvi amebeba lawama nzima ya deni ambalo sehemu yake si lake. Joto limepunguza chakula kinachopanda kutoka chini, na hakuna mvuvi wa Katonga aliyelipasha ziwa moto. Lakini hilo halimpi ruhusa ya kutumia kokoro linalokomba vitoto vya lumbu ufukweni. Kinyume chake: chakula kinachopanda kikipungua, kiasi tunachoweza kuvuna bila kuharibu nacho kimepungua, na idadi ya nyavu iliyofaa mwaka 1970 haifai tena. Anayeng'ang'ania sababu moja anataka tu kumpata wa kumshtaki.

Mwaka 2024 Tanzania ililifunga ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na nchi jirani. Najua maumivu yake, na najua kwamba mama anayeanika dagaa hana mshahara wa miezi mitatu. Kwa upande wa majira uamuzi huo una akili, kwani miezi hiyo ndiyo miezi ya upepo, mbolea inapanda, na kitoto cha dagaa kinachopata nafasi ya kula wakati huo kinaweza kuzaa kabla ya mwaka kwisha. Faida kwa dagaa itaonekana haraka, na ikipuuzwa itapotea haraka vilevile, maana umri wake ni mfupi. Kwa sangala, miezi mitatu ni sawa na bure. Yeye anahitaji miaka, na anahitaji wakubwa wake waachwe. Kwa hiyo mtu akija kuwaambia kwamba kufunga ziwa kumefaulu au kumeshindwa, muulizeni kwanza: kwa samaki gani? Kisha muulizeni upepo wa mwaka huo ulikuwaje. Mwaka wa upepo mkali dagaa wataongezeka hata kama sheria ilivunjwa kila usiku, na mwaka wa upepo hafifu watapungua hata kama kila kipe kilikaa nchi kavu.

Hapo ndipo nina ombi, nalo si la fedha nyingi. Kamba moja yenye vipimajoto, iteremshwe hadi mita mia mbili, moja hapa Kigoma na nyingine Mpulungu, isomwe mwaka mzima na matokeo yabandikwe mwaloni, si kabatini. Na kila samaki wanapohesabiwa, dagaa waandikwe peke yao, lumbu peke yao, na vitoto vya migebuka vinavyochanganyika nao vitolewe vipimwe. Tukiwajumlisha katika ndoo moja tunachanganya mlaji na mliwaji, na baada ya miaka kumi tutakuwa na tarakimu nyingi zisizojibu swali lolote.

Naona mzee mmoja pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipowataja lumbu. Karibu, mzee wangu, kipaza sauti kinakuja.